Muulize Somo: Wananisema mpaka vitumbua ninavyonunua

Somo shikamoo.

Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, kwetu Dodoma ila nimeolewa huku Tanga mwaka wa tisa sasa. Nina ukurasa wangu Facebook naandika mapishi, nilianza kama utani tu kipindi niko likizo ya uzazi, mtoto akilala mi napiga picha sufuria, saivi wananifuata watu elfu kumi na moja na kuna mwenye duka la vyombo alinipa sufuria tatu bure nimtangazie, kwa hiyo sio kwamba nimeshindwa. Shida ni komenti Somo. Komenti zinaniua.

Mwanzoni zilikuwa tamu, "asante dada", "baba watoto leo kalamba sahani". Mwezi wa tatu nikaposti pilau. Weee! Nilitia karoti na hoho maana mume wangu ndo anavyopenda, basi ikawa kama nimetukana mkoa mzima. "Hilo sio pilau ni wali wa rangi." "Mgogo na pilau wapi na wapi, rudi kwenye mlenda wako." Mwingine akaandika "hiyo bizari nzima uliitia au uliipungia mkono tu ikapita", watu wakacheka, akapata laiki mia mbili na kitu, nyingi kuliko za pilau lenyewe. Siku hiyo nilijifungia chooni nikalia ili watoto wasinione.

Tangu hapo ni kama wamepeana zamu. Vidole vyangu vinene, kucha sijapaka rangi, sufuria limebonyea, mara natia mafuta mengi, mara mafuta kiduchu. Mwezi uliopita nikaweka makande ya nazi, dada mmoja akaja amewaka kweli kweli, "makande yako yananuka sabuni, nimewapikia wageni wa mume wangu wamekula vijiko viwili wakaomba chai, futa huu uchafu wewe sio mpishi". Huyo nilimfuta nikamblok palepale, nilikuwa nimeshachoka. Na kuna bibi mmoja kwenye picha kavaa baibui, kila nikigusa nazi yupo, "nani kakufundisha kufunika tui", nikamjibu na yeye akafungue ukurasa wake.

Sasa iliyonikata maini ni hii. Akaunti haina picha, haina marafiki, imefunguliwa juzi, imeandika: "Anawafundisha kupika na yeye kila asubuhi ananunua vitumbua kwa jirani." Somo ni kweli nanunua, asubuhi nakimbizana na watoto wawahi shule, muda wa kuloweka mchele na kusaga naupata wapi. Lakini hilo nani analijua? Mume wangu, dada wa kazi, mama mkwe ambaye simu yake ni ya tochi, na wifi yangu anayekaa na sisi toka mwezi wa kwanza. Piga hesabu mwenyewe. Na wiki hiyohiyo wifi kaniuliza huku anacheka, "vipi mashabiki wako?" Nimeshaandika stetasi ya kumpasha, ipo tu haijatumwa, naogopa na pia natamani.

Mume wangu anasema kama inakuumiza funga, yaani kirahisi hivo. Shoga yangu anasema ukishajulikana ndo hivyo, zoea, usisome. Mi nasoma zote, saa saba usiku niko chini ya shuka nasoma. Na inboksi nako hakufai, kuna wa kunitongoza, kuna mmoja alinitumia picha ya geti letu kaandika "nitakuja kuonja", basi vituko vitupu. Nakutumia skrinshoti 14 ujionee. Nifunge, nijibu, au niwablok wote?

Ni mimi,
Mama Pilau la Karoti, Tanga

—

Marahaba mwanangu.

Nimezisoma zote kumi na nne, miwani puani na kikombe cha chai pembeni, chai imepoa sijaigusa. Tutafika kwenye pilau na tutafika kwa wifi. Kwanza turudi getini.

Kwenye barua yako wifi kapata aya nzima, geti limepata nusu mstari ukalifungia na "vituko vitupu". Mi naona umepindua. Anayesema pilau lako baya yuko kwake na simu yake. Huyu wa geti alisimama nje ya nyumba yenu, akatoa simu akapiga picha, halafu akakutumia ili ujue kwamba alifika. Inawezekana ni mpenda mapishi asiye na adabu, sawa, lakini hiyo sio kazi yako kuigundua. Usimjibu, usimfute, na usimblok kabla hujapiga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na maneno yake. Mwonyeshe mume wako leo, sio kesho, halafu nendeni polisi mkaandikishe, na kama unaona aibu kuongea mbele ya wanaume kaunta, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23 kinamhusu mtu anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua mwenzie, faini yake haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili. Kingine, nimepita kwenye picha zako za nyuma, ile ya mihogo umepigia barazani na geti linaonekana lote mpaka namba ya nyumba, na ile ya uji mtoto yupo nyuma kavaa sare ya shule. Zitoe. Picha za sufuria piga jikoni.

Haya. Zikabaki kumi na tatu.

Nilichukua karatasi, kwenye kila moja nikajiuliza kitu kimoja tu: huyu alipika? Sikujali ana adabu au hana, ila je, alinunua vitu, akawasha jiko, akafuata ulichoandika? Kumi na moja hawajapika, wamepita tu na njia kama watu wanavyopita nje ya harusi wakasema bibi harusi mfupi. Wawili wamepika. Yule wa makande na yule bibi wa tui. Na angalia ulichowafanya hao wawili, mmoja ulimfuta ukamblok, mwingine ukamwambia akafungue wake, huku yule wa kucha bado yupo pale anakula laiki zake.

Mi nikaingia kuisoma makande yako. Mahindi nusu kilo, maharage nusu, loweka usiku kucha, vizuri kabisa. Nikashuka chini: "magadi kijiko kimoja cha chakula". Mwanangu! Cha chakula! Kwa kilo moja mi natia robo kijiko cha chai na bado mkono unatetemeka. Kijiko cha chakula ukitia kwenye sufuria hilo wageni hawali, wanaoga. Najua ulitaka kuandika cha chai vidole vikateleza, kosa la mtu yeyote, lakini yule dada alivua khanga kavaa gauni kapikia wageni wa mume wake kwa maneno yako, kaaibika nyumbani kwake, kaja kukuambia kwa hasira, na ukamfunga mdomo. Na kosa likabaki palepale. Leo naandika hapa bado linasoma kijiko cha chakula, wiki tano, sijui ni masufuria mangapi.

Na bibi wa baibui naye yuko sahihi ila ulimi ndo mkali. Umeandika tia tui zito, funika, chemsha dakika kumi. Tui zito ukilifunika likatokota linakatika, unapata mafuta juu na maji chini kama maziwa yaliyoharibika. Unapikia tui jepesi mpaka mahindi yalainike, tui zito linakuja mwisho, moto mdogo, unakoroga taratibu kifuniko kikiwa mezani. Yule bibi kakwambia hivyo mara nne, kwenye samaki wa nazi, kwenye mchicha, kwenye mbaazi na kwenye makande. Mtu anayerudi mara nne anakupenda huyo, hajui tu kulisema.

Nisikuonee, na mi yamenikuta. Nilishauza vitumbua Ngamiani, miaka hiyo mwanangu wa kwanza yuko darasa la pili, na kulikuwa na mzee mmoja mshona viatu, kila asubuhi ananunua viwili, anauma kimoja, anasema "mna mchanga humu" halafu anakula vyote. Wiki mbili! Nikamwona mchawi, nikasema huyu katumwa na yule anayeuzia kona ya pili, siku moja nikamjibu mbele za watu kwamba kama vina mchanga aache, akaacha kweli. Siku ya tatu nimekaa na chai yangu nauma kitumbua changu mwenyewe, krrr. Mchele nilikuwa nimebadilisha duka, wa bei nafuu, siuchambui vizuri kwa kuwa naamka saa tisa usiku usingizi umejaa machoni. Ule msemo wa kitumbua kuingia mchanga watu wanausema tu, mi niliutafuna. Nilimfuata yule mzee na vitumbua sita kwenye gazeti, hata hakunisema, aliuma kimoja akanyamaza, ndo nikajua vimekaa sawa.

Kwa hiyo leo kabla hujalala kamtoe yule dada kwenye blok. Muandikie kitu kama hiki, na usiongeze neno: "Dada pole sana kwa ile makande na kwa wageni wako. Kosa ni langu, niliandika kijiko cha chakula, ni robo kijiko cha chai. Nimerekebisha. Samahani pia kwa kukufuta." Basi. Usimweleze mtoto alikuwa analia wakati unaandika, hajakuuliza. Halafu ile makande usiibadilishe kimyakimya, weka marekebisho juu kabisa mtu ayaone kabla hajafika kwenye mahindi, maana kuna walioipiga picha wakaihifadhi na hao wana kosa lako mfukoni. Na bibi mwambie "shikamoo bibi, ni kweli tui halifunikwi, asante". Utaona atakavyolainika, huenda akakufundisha na kamba wa nazi.

Sasa tuje kwa wale kumi na moja. Hao usiwaweke kundi moja. Yule wa "uliipungia mkono ikapita" mi kanichekesha, nisikufiche, nilimwaga chai. Huo ni utani, na utani wa kwetu ukiwa barazani unauona usoni kwa mtu, unajibu na wewe mnagongana viganja yameisha, ila kwenye simu uso haupo, unabaki na maneno tu kama kisu bila mpini. Ungemjibu "niliipungia, ikaniambia inakuja kesho" ungekula laiki zaidi yake. Ila ujibu ukiwa unacheka kweli, ukijibu na donge watalisikia.

Na hapo kwenye pilau kuna kitu hujaniambia nimekiona mwenyewe. Kichwa uliandika kwa herufi kubwa PILAU HALISI LA PWANI. Karoti na hoho, halisi, la Pwani. Mwanangu ulitegemea nini? Hapo hukuwapa chakula, uliwapa kesi. Mimi karoti kwenye pilau siziungi mkono, kitunguu kikaangwe mpaka kiwe cha kahawia rangi ya pilau itoke hapo, bizari, mdalasini, hiliki, karafuu, pilipili manga, imetosha. Lakini kwako ni kwako. Ungeandika "pilau la karoti analopenda mume wangu" nani angekukosoa mapenzi ya mume wako? Asilimia kubwa ya yale maneno yalikuwa yanakijibu kichwa cha habari.

Wa Mgogo rudi kwenye mlenda, na wa vidole, na wa kucha, hao wanakusema wewe, chakula hawakiongelei kabisa. Hao usiwajibu na usiwafute pia. Kwenye ukurasa wako kuna sehemu ya kuficha komenti, ukiificha yeye mwenyewe na marafiki zake wanaendelea kuiona, wengine hawaioni, anakaa anasubiri watu wamchekee hapati hata mmoja na hajui kwa nini. Ukimfuta au kumblok anajua kakuuma, anarudi na jina lingine. Halafu ingia kwenye mipangilio uweke yale matusi yanayojirudia, yatakuwa yanafichwa yenyewe hata hujayaona.

Najua utasema Somo, nikae kimya tu nitukanwe? Siti binti Saad, wewe umeolewa Pwani lazima umemsikia, alitoka Fumba anauza vyungu, alipoanza kusikika mjini Unguja watu wakamtungia wimbo wa kumkashifu, kwamba alikuwa mtu lini huyu, kaja mjini na kaniki yake, isingekuwa sauti angekula nini. Hiyo komenti ya vidole vinene hata haifikii. Alijibu, tena alijibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa sio hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Akamaliza, akaendelea kuimba, mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Hakwenda nyumba hadi nyumba kumtafuta aliyetunga. Wewe wimbo wako ni sufuria, mjibu mtu kwa chakula kikitoka vizuri.

Ambapo tunafika kwa wifi, maana wewe ndo unatafuta nyumba hadi nyumba.

Umehesabu watu wanne wanaojua unanunua vitumbua. Yule jirani anayekuuzia umemsahau? Na wanaopanga foleni nyuma yako kila asubuhi na bakuli zao? Na bodaboda wa pale kona, na mke wa mwenye duka anayekuona ukipita na mfuko umetota mafuta? Umehesabu wanne, mi nimehesabu mtaa mzima. Na "vipi mashabiki wako" ni swali ambalo hata mimi ningekuuliza, mbona ndo nimekuuliza barua nzima.

Hiyo stetasi ifute. Zamani mwanamke wa huku akitaka kumpasha mtu alinunua kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mbele ya nyumba ya mhusika mara moja, akarudi kwake akaikunja. Mhusika kaelewa, na mwingine yeyote kaona kanga nzuri tu. Stetasi inaingia kwenye simu za watu mia tatu, shemeji zako, mwalimu wa mtoto, mama wa kikoba, hamsini watadhani wao, na wifi kama siye utakuwa umemfungulia kesi mwenyewe ndani ya nyumba ya mama mkwe, na kama ndiye atajua imemwingia, atakuandalia nyingine. Fanya hivi. Jumamosi loweka mchele, mwambie wifi "njoo unisaidie vitumbua, mi havinivimbi", mpe yeye akoroge hamira, piga picha ya mikono yenu wote wawili kwenye chuma, weka na uandike wazi kabisa kwamba siku za kazi unanunua kwa jirani na vya jirani ni vitamu kuliko vyako. Huyo asiye na picha, awe nani, hana tena cha kufichua. Na jirani atauza mpaka achoke.

Kufunga usifunge kwa sababu ya hawa. Ukifunga funga siku umechoka kupika. Mume wako anaposema funga mi sidhani anakudharau, anakuona unalia saa saba usiku, hajui amshike nani, na pilau lenyewe lenye karoti ni lake! Mwambie siku nyingine na yeye aingie akomenti kwamba karoti aliziomba mwenyewe, tuone.

Ila usiku hapana. Maneno yaleyale ya saa saba usiku chini ya shuka yana uzito wa gunia, ukiyasoma saa tisa alasiri umeshakula, miguu juu ya stuli, ni maneno. Soma mara moja kwa siku, muda huo, na kabla yako asome shoga yako akutolee wale waliopika peke yao. Yeye si ndo kasema zoea, basi mpe kazi.

Halafu kuna kitu kimoja. Nimerudi nyuma mpaka mwaka wako wa kwanza, kuna posti ya mlenda, laiki kumi na tisa tu, lakini chini kuna watu waliouliza maswali ya kweli, mmoja anasema yuko Muscat mwaka wa sita hajaugusa, mwingine anataka kujua majani makavu yanakaa muda gani kwenye kopo. Hukuwajibu hata mmoja, ulikuwa mtoto mchanga nadhani. Urudie ule, mwanangu, uuandike kama mama yako anavyoupika, na useme kabisa magadi unatumia ya jiwe au ya unga na ni kiasi gani, maana hapa kwangu ninayo ya jiwe tu na nina wageni Ijumaa.

Somo